Tiketi ya Kusimama The O2, London: Mwongozo Kamili wa Usiku wa Roki

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu amesubiri bendi yake miaka, amepata tiketi ya kusimama The O2, na usiku wenyewe unampita. Begi limekataliwa mlangoni. Tiketi haifunguki kwenye simu. Bendi imepanda jukwaani, yeye anaona migongo tu. Masikio yanalia siku mbili. Treni ya mwisho imeondoka na nyumbani ni Reading au Milton Keynes, miji iliyo mbali na London.

Karibu yote hayo yanazuilika, na mengi yanazuilika kabla hujatoka nyumbani. Mwongozo huu ni wa anayekwenda kusimama chini, mbele ya jukwaa, si wa anayekwenda kukaa kitini. Umeandikiwa ndugu wanaoishi Uingereza na wanaokuja kutembea kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Tumechukua The O2 kwa sababu ndiko bendi kubwa nyingi hupiga: ukumbi wa watu wapatao 20,000 ulio hatua chache kutoka stesheni ya North Greenwich. Kumbi nyingine kubwa za Uingereza zinafuata utaratibu unaofanana.

Jambo moja la saa kabla ya kuanza. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Humu tunatumia saa zetu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye chaji kamili, tiketi ikiwa imeshafunguliwa ndani yake
- Pawabenki ndogo ya 10,000 mAh na waya mfupi
- Kadi ya benki ya kugusa. Ukumbi huu haupokei pesa taslimu
- Kitambulisho halisi chenye picha na tarehe ya kuzaliwa
- Vizibo vya masikio, jozi mbili
- Viatu vya kufunika vidole, vyenye kamba na soli nene
- Nguo nyepesi ndani, kitu cha kujifunika juu
- Kibegi kidogo kisichozidi karatasi ya A4 (sentimita 21 kwa 29.7), au mifuko ya zipu tu

Kitambulisho kinawaponza wageni wengi. Baa za Uingereza haziuzi pombe kwa aliye chini ya miaka 18, na wahudumu wamefundishwa kumdai kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25. Kadi za ukaazi zimeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na hati ya kidijitali, ambayo mhudumu wa baa hatahangaika nayo. Chukua pasipoti au leseni ya udereva ya Uingereza. Leseni ya anayejifunza udereva inatosha, na ni nafuu kuipoteza kuliko pasipoti. Hata kama hunywi, beba, kwa sababu maonyesho mengine yana masharti ya umri kwa wanaosimama.

Kamera kubwa, fimbo ya kujipigia picha, mwavuli mrefu na chupa ya kioo viache nyumbani. Begi la mgongoni la kazini pia. Ukitoka kazini moja kwa moja, liache ofisini au kwa rafiki, usitegemee kwamba mlangoni patakuwa na pa kuliweka.

## Hatua ya 1: Nunua tiketi kwa njia inayoeleweka

Tiketi za The O2 huuzwa hasa kupitia AXS, kampuni ya kuuza tiketi mtandaoni. Fungua akaunti, weka anwani na kadi ya benki wiki moja kabla ya mauzo. Anayeanza kuandika namba ya kadi wakati tiketi ziko kwenye kikapu hupoteza dakika alizokuwa akizihitaji.

Kuna milango miwili ya kuingia kabla ya umma. Wa kwanza ni orodha ya barua pepe ya bendi yenyewe: jiandikishe kwenye tovuti yao utumiwe namba ya siri. Wa pili ni Priority, huduma ya wateja wa kampuni ya simu ya O2, ambayo kwa kawaida hufunguliwa saa 48 kabla ya mauzo ya jumla. Kama laini yako si ya O2, pengine mtu wa nyumbani au jirani anayo, mwombe mapema.

Bendi ikitangaza usiku wa ziada, ujaribu huo kwanza. Umati wote hukimbilia tarehe ya awali, na tarehe za nyongeza huwa na nafasi kwa muda mrefu zaidi. Queen na Adam Lambert walipiga usiku 10 ukumbini hapa mwaka 2022, na kwa bendi iliyojengwa na mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury, hilo halikumshangaza yeyote kwetu.

Chagua Ijumaa au Jumamosi ukipewa uhuru wa kuchagua. Sababu ni usafiri, na tutaifikia kwenye Hatua ya 8.

Tiketi zikiisha, nenda kwenye mauzo rasmi ya marudio ya AXS au Twickets, ambako mtu huuza tiketi yake kwa bei yenye kikomo. Siku chache kabla ya onyesho ndipo nyingi hutokea, kwa kuwa watu wanaahirisha safari. Usinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu wa mtandaoni. Msimbo wa tiketi hizi hujibadilisha wenyewe ndani ya programu, kwa hiyo picha ya skrini haifungui mlango hata kama iliyopigwa picha ni tiketi halali. Mtu mwaminifu atakuhamishia tiketi ndani ya programu. Asiye mwaminifu atakutumia picha na kukuhimiza ulipe haraka.

Utajua umefaulu ukiiona tiketi kwenye akaunti yako wewe, kwa jina lako, na imeandikwa kusimama.

## Hatua ya 2: Siku tatu kabla, fungua tiketi na usome ratiba

Mara nyingi msimbo hautokei mpaka siku chache kabla ya onyesho. Ukitokea, ufungue nyumbani kwenye intaneti ya uhakika, uhifadhi kwenye pochi ya simu, kisha zima data na ujaribu kuufungua tena. Ukifunguka bila mtandao, umetulia. Nje ya ukumbi maelfu ya simu huvuta mtandao mmoja kwa pamoja, na hapo ndipo watu husimama mlangoni wakitazama duara linalozunguka kwenye skrini.

Kama mmenunua tiketi nne kwenye simu moja, mhamishie kila mtu yake. La sivyo wote mtamsubiri aliyechelewa.

Angalia ukurasa wa ukumbi siku ya onyesho upate saa kamili. Mpangilio wa kawaida ni milango saa 12:30 jioni, bendi ya ufunguzi saa 1:30 usiku, bendi kuu kati ya saa 2:30 na 3:00, na mwisho kabla ya saa 5:00 usiku. Bendi za roki katika ziara moja hurudia karibu orodha ile ile ya nyimbo kila mji, na mashabiki huziandika kwenye setlist.fm. Isome kama hupendi kushtukizwa. Itakuonyesha wimbo gani mzito utaamsha msukumano (mashabiki kugongana miili kwa furaha), na nyimbo ngapi hupigwa baada ya bendi kujifanya imeondoka. Wanaotoka taa zikizimwa mara ya kwanza hukosa nyimbo walizozilipia.

## Hatua ya 3: Tayarisha masikio, na ufanye mazoezi nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye hasara isiyorudi. Chembe za kusikia ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Hesabu ni rahisi. Sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Maana yake hata ukumbi unaofuata kiwango hicho unaweza kukupa, ndani ya saa mbili, mara 8 ya kile sikio linachostahimili. Ukipunguza desibeli 15 kwa kizibo, unarudi kwenye 85, na saa mbili hizo si tatizo.

Vizibo viko vya aina mbili. Vya sifongo ni rahisi na hupunguza sana, lakini hukata sauti za juu kuliko za chini, kwa hiyo gitaa na maneno husikika yamefifia. Vya kichujio, vya silikoni vyenye kitundu katikati, hupunguza sauti zote kwa uwiano: unasikia muziki ule ule, umepungua ukali. Kwa roki nunua vya kichujio. Tafuta kwenye pakiti namba ya SNR, yaani desibeli ambazo kizibo hupunguza. 18 hadi 22 inafaa. Namba hiyo hupimwa maabara kwa kizibo kilichokaa sawasawa, sikioni mwako utapata pungufu.

Wengi wanaosema vizibo havifanyi kazi wameviweka nusu. Fanya hivi:

1. Cha sifongo kizungushe kati ya vidole safi mpaka kiwe chembamba, bila mikunjo. Cha silikoni kilowanishe kidogo.
2. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sikio, livute juu na nyuma. Njia ya sikio ina kona, kuvuta kunainyoosha.
3. Sukuma kizibo ndani. Cha sifongo kishikilie kwa kidole sekunde 30 mpaka kifumuke.
4. Ongea. Sauti yako ikisikika nzito ndani ya kichwa, kimekaa.
5. Ziba masikio kwa viganja kisha viondoe. Kelele ya chumba ikibaki karibu vile vile, umefaulu. Ikiruka sana, kizibo kimekaa juu juu.

Vivae kabla bendi ya ufunguzi haijaanza. Ukingoja masikio yaume, dozi ya kelele umeshaimeza. Jozi ya pili ni kwa sababu kimoja kitaanguka, na kwenye giza la miguu 20,000 hakitafutwi.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula mlo wa kushiba saa mbili hadi tatu kabla ya foleni: wali, ugali, viazi, chochote chenye wanga na chumvi ya kawaida. Usiende na njaa ukitumaini kula ndani, foleni ya chakula itakula nafasi yako ya kusimama. Kunywa nusu lita ya maji saa mbili kabla, kisha nenda msalani nje ya ukumbi ukiwa bado na nafasi.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. Nje Februari ni baridi ya kukata, ndani kati ya watu ni joto la Mombasa mwezi huo huo. Koti zito litakuwa mzigo wa saa nne mkononi, kwa hiyo vaa fulana, sweta jepesi na koti la kukunjika.

Hereni za kuning'inia, mikufu na saa za chuma vua. Nywele ndefu zifunge. Wanaovaa hijabu wachague ya kushonwa tayari isiyohitaji pini. Pini katikati ya msukumano humchoma mwenyewe na jirani. Kandambili na viatu vya kisigino havifai kabisa, kwa sababu utakanyagwa, hilo ni la hakika.

Kwa wanaoswali: Desemba jua la London huzama karibu na saa 10 jioni, Magharibi inamalizika mapema kabla ya foleni. Juni huzama baada ya saa 3 usiku, wakati bendi iko jukwaani. Panga tangu nyumbani.

## Hatua ya 5: Kufika na foleni

Panda Jubilee, njia ya treni ya chini ya ardhi, ushuke North Greenwich. Kutoka London Bridge ni vituo vinne, kutoka Stratford ni vitatu. Gusa kadi ya benki au Oyster (kadi ya nauli ya London) ukiingia na ukitoka, na ni kadi ile ile: ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, mashine inahesabu safari mbili ambazo hazikukamilika na kukutoza zaidi.

Saa ya kufika inategemea unataka nini. Unayetaka kushika uzio wa mbele, fika saa nne kabla ya milango au zaidi, na ujue kuwa walionunua vifurushi vya gharama huingizwa kwanza. Unayetaka sauti nzuri na nafasi ya kupumua, kufika milango inapofunguliwa kunatosha.

Foleni za kusimama hutenganishwa na za viti. Uliza mlinzi kabla hujajipanga; saa nzima kwenye foleni isiyo yako hairudishwi. Mkaguzi akikuita, uwe umeshatoa simu, funguo na pawabenki mkononi.

Ukiona nje umati unasukuma milango, ondoka hapo. Desemba 2022 watu wawili walifariki kwa msongamano kwenye ukumbi wa Brixton Academy, London, wakati msanii alikuwa ndani akiimba. Wimbo wa kwanza ukikupita, kuna wa pili.

## Hatua ya 6: Chagua pa kusimama

Hapa ndipo tiketi moja inageuka kuwa usiku tofauti kabisa, na ndipo watu huamua kwa mkumbo.

Uzio wa mbele. Unaona jasho la mpiga gitaa na una chuma cha kuegemea. Sauti lakini si nzuri. Spika kubwa zimening'inizwa juu pande mbili za jukwaa na zimeelekezwa kwa watu wa nyuma yako. Unachopata ni spika ndogo za ukingo wa jukwaa, ngoma zenyewe, na besi inayotoka kwenye maboksi yaliyo sakafuni mita chache kutoka kwako. Maneno hupotea. Na ukitoka kwenda msalani hurudi.

Katikati, mita 5 hadi 15 kutoka jukwaani. Ndipo panaporukwa na kusukumana. Ni pazuri kwa anayekuja kucheza kwa mwili mzima. Mfupi wa kimo hataona kitu hapa, kwa sababu sakafu ni tambarare na kila mkono uko juu.

Mbele ya deski la fundi sauti. Deski hukaa nyuma ya katikati ya sakafu, limezungushiwa uzio. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo pale ndipo muziki husikika kama ulivyokusudiwa: ngoma, besi, gitaa mbili na sauti ya mwimbaji kila kimoja mahali pake. Egemeza mgongo kwenye uzio wake na hakuna atakayekusukuma kutoka nyuma. Kwa onyesho la kwanza, hapa ndipo tunapompeleka mtu bila kusita.

Pembeni. Kwa wafupi na wanaochoka haraka, uzio wa ubavuni hutoa mwonekano wa mshazari usiozibwa na vichwa vingi, na mlango wa kutokea uko karibu. Besi hapa huwa na vurugu kidogo.

Kama umechelewa na unataka kusogea, wakati wake ni mmoja: bendi ya ufunguzi ikimaliza. Kuna nusu saa ya kubadilisha vyombo, na watu wengi hutoka kwenda baa na msalani. Pitia pembeni mpaka usawa unaoutaka, kisha ingia katikati kwa mshazari, ukiomba radhi na kusimama kwenye nafasi iliyo wazi. Kukata umati katikati wakati bendi kuu imeanza ni kuchukiwa bure, na hufiki.

Utajua pamefaa ukiweza kuona angalau theluthi mbili za jukwaa bila kunyanyuka kwa vidole, na ukiweza kuzungusha mabega bila kumgusa mtu. Umati utabana zaidi taa zikizimwa, kwa hiyo anza na nafasi.

## Hatua ya 7: Ndani ya umati

Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea. Anayesimama miguu sambamba na magoti yamekazwa huanguka kwa wimbi la kwanza, na damu ikikaa miguuni ndiye anayezimia.

Mduara wa msukumano utafunguka kwenye nyimbo kali. Ni mchezo wenye adabu yake. Anayeanguka huinuliwa papo hapo na kila aliye karibu. Ngumi na viwiko haviruhusiwi. Aliye ukingoni na mikono amekunja kifuani hataki kucheza, asivutwe. Kama hutaki, rudi hatua tatu mara unapoona watu wanafungua nafasi ya duara mbele yako. Kubebwa juu ya vichwa kumekatazwa kwenye kumbi nyingi. Mtu akipitishwa juu yako, linda kichwa chake na chako.

Msukumano ni furaha. Msongamano ni kitu kingine na huua. Usiku wa tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde huko Denmark, vijana tisa walifariki mbele ya jukwaa Pearl Jam wakipiga. Katika ajali za namna hii watu hufa mara nyingi kwa kukosa hewa, kifua kimebanwa kisipanuke, wengine wakiwa wamesimama wima. Dalili ziko wazi kwa anayezijua:

- Watu watano au zaidi kwenye mita moja ya mraba, umeguswa pande zote
- Huwezi kuinua mkono kujikuna uso
- Umati unayumba kama wimbi na miguu yako inafuata bila wewe kutaka

Dalili ya pili ikitokea, toka. Usingoje ya tatu. Kunja mikono mbele ya kifua, viganja nje, ili mapafu yabaki na nafasi. Acha kupiga kelele, hewa ni yako ya kupumua. Usipambane na wimbi. Wimbi linapolegea piga hatua moja au mbili kwa mshazari kuelekea pembeni na nyuma, ngoja, rudia. Simu ikianguka, iache. Ukianguka mwenyewe, lala ubavu, kinga kichwa, na uinuke kwa goti la kwanza unaloweza. Kama uko karibu na uzio wa mbele, inua mikono yote miwili uwatazame walinzi: kazi yao ni kukuvuta upande wa pili, na wanaifanya kila usiku.

Maji: kumbi zenye leseni ya kuuza pombe Uingereza zinalazimika kutoa maji ya bomba bure kwa mteja anayeomba. Omba bila aibu. Kunywa kidogo kidogo, na zaidi ukinywa pombe.

Mtu akikushikashika au akikufuata, mwendee mlinzi au mhudumu wa baa. Kwenye baa nyingi za Uingereza ukisema unamtafuta Angela, mhudumu anaelewa kwamba unahitaji kuondolewa hapo bila zogo.

Na simu? Iweke kwenye hali ya ndege tangu taa zinapozimwa. Kwenye mtandao uliojaa, simu hutumia betri nyingi ikitafuta mawimbi, na betri hiyo ndiyo ramani na nauli yako ya kurudi. Chagua wimbo mmoja, rekodi sekunde 30 au 40 mkono ukiwa usawa wa uso, usizibe walio nyuma. Sauti ya rekodi ikitoka imepasuka, ni kipaza cha simu kimezidiwa na besi; hakuna cha kurekebisha baadaye. Mfuko uwe wa mbele na uwe na zipu. Wezi wa simu hupenda mashabiki wanaoruka.

## Hatua ya 8: Kutoka na kurudi

Kabla hamjaingia, kubalianeni mahali pa kukutana ambapo hapawezi kuhama: nguzo fulani, mlango wa duka fulani kwenye uwanja ulio kati ya ukumbi na stesheni. "Tukutane mlangoni" haitoshi, milango ni mingi. Wekeni na muda: baada ya dakika 30, kila mtu aende zake na atume ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hupenya hata WhatsApp ikigoma.

Wimbo wa mwisho ukiisha, maelfu huelekea stesheni moja. Walinzi huwazuia nje kwa mafungu ili jukwaa la treni lisifurike. Una njia mbili za busara: ondoka wimbo wa mwisho unapoanza, au kaa dakika 20 hadi 30, kunywa maji, nenda msalani, kisha uende foleni ikiwa imepungua. Anayetoka katikati ya fungu kubwa ndiye anayesimama muda mrefu.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi Jubilee hukimbia usiku kucha. Siku nyingine huisha baada ya saa sita usiku, na Jumapili mapema zaidi. Angalia saa ya treni ya mwisho siku ile ile, kwa sababu ukarabati hubadilisha mambo. Basi namba 188 kutoka North Greenwich hukimbia saa 24 kupitia Canada Water, Elephant & Castle na Waterloo. Kwenye basi gusa kadi wakati wa kupanda tu. Kuna pia boti za mto Thames kutoka gati la North Greenwich, ghali kidogo lakini una kiti.

Mnaokwenda mbali ndio wa kuangalia sana. Reading: panda Jubilee kituo kimoja hadi Canary Wharf, tembea dakika chache hadi stesheni ya njia ya treni ya Elizabeth, hapo kuna treni ya moja kwa moja, lakini njia hiyo haina huduma ya usiku kucha. Milton Keynes: badilisha London Bridge uchukue njia ya Northern hadi Euston, zinakoanzia treni za huko. Weka saa moja na nusu kati ya mwisho wa onyesho na treni yako kubwa. Kama ratiba haikupi muda huo, tafuta pa kulala London kabla ya siku hiyo. Teksi ya kwenda Milton Keynes usiku wa manane hugharimu kuliko kitanda.

## Hatua ya 9: Asubuhi yake

Kunywa maji ya kutosha. Kama sauti imekauka, nyamaza. Kunong'ona kunaichosha koo kuliko kuzungumza taratibu.

Sikiliza masikio yako chumbani kukiwa kimya. Mvumo mdogo unaopungua na kuisha ndani ya siku moja au mbili ni ishara kwamba dozi ilizidi, na safari ijayo vizibo vivaliwe mapema au mkae mbali zaidi na maboksi ya besi. Mvumo usioisha baada ya hapo, mweleze daktari wako. Lakini sikio moja likipoteza usikivu ghafla, usingoje liamke lenyewe: piga 111, simu ya ushauri wa afya Uingereza, siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache za mwanzo.